Kinolewacho Hupata

Nimekuja studioni na kisu, nimekiweka hapa mezani mbele ya kipaza sauti. Ni kisu kifupi, bapa lake halizidi upana wa vidole viwili. Kilichongwa kutokana na kipande cha msumeno wa kukatia chuma, na mpini wake ni mpira wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa hadi ukajaa kiganjani. Fundi viatu yeyote wa mitaa yetu atakitambua, kwa sababu anacho cha namna hiyo. Ndicho anachokatia soli, ndicho anachopunguzia unene wa ngozi kwenye kingo kabla ya kushona, ndicho anachochongea kisigino kikae sawa.

Leo nazungumza na watu wa ngozi: washona viatu wa chini ya mwembe, watengenezaji wa makubazi wa Lamu, Tanga na Unguja, mafundi wa mikanda na mikoba wa soko la Kariokor kule Nairobi, pamoja na kijana aliyeanza kazi wiki iliyopita na bado anatafuta jinsi ya kukishika kisu. Nataka tuzungumze juu ya makali: jinsi ya kuyanoa, jinsi ya kuyang'arisha, na jinsi ya kuifanya kazi hiyo huku vidole vyote kumi vikibaki mahali pake.

Nina kovu kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, pale dole gumba linapoanzia. Nililipata nikiwa mwanagenzi kwa mzee mmoja mshona makubazi. Asubuhi hiyo alinipa soli niipunguze ukingo. Kisu changu kilikuwa hakipati. Nilijua kuwa hakipati, lakini niliona kunoa ni kupoteza muda na mteja alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri. Nikakiongezea nguvu. Ngozi ikakataa, nikaongeza tena, mara ngozi ikaachia ghafla na kisu kikaja moja kwa moja mkononi. Mzee aliniosha, akanifunga, kisha akakiokota kile kisu na kukijaribu kwenye kipande cha ngozi. Hakikukata. Akaniambia, "Mwanangu, kisu hiki hakikati ngozi, ndiyo maana kimekukata wewe."

Msikilizaji, nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile, na ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Watu wengi wanakiogopa kisu kikali na kukidharau kisu butu. Ukitazama mafundi wanavyoumia, utakuta mambo ni kinyume. Kisu kikali huingia kwenye ngozi kwa nguvu ndogo, na kwa kuwa nguvu ni ndogo, mkono unaweza kukisimamisha mahali unapotaka. Kisu butu kinadai mabega na uzito wa mwili. Siku ngozi inapoachia, uzito wote ule unakwenda mbele pamoja na kisu, na hakuna mkono unaoweza kuuzuia. Tena jeraha la kisu butu huwa la kuchanika, kingo zake hazikutani vizuri, na hupona taratibu.

Basi nini hutufanya tuache visu vyetu vife? Mara nyingi ni kwa sababu hatuna desturi ya kunoa kidogo kidogo. Tunakata Jumatatu, tunakata Jumanne, na kufika Ijumaa kisu kinatafuna ngozi badala ya kuikata. Hapo ndipo tunapotafuta njia ya mkato, na njia za mkato zinajulikana. Ya kwanza ni ngazi ya saruji pale mlangoni. Ya pili ni yule mnoaji wa baiskeli anayepita mitaani, anayesimamisha baiskeli kwenye stendi yake, akapiga pedeli na jiwe likazunguka mbele yake. Ya tatu ni jirani mchomeleaji, yule mwenye grainda ya mkononi. Nitazipitia moja moja, kwa kuwa kila moja ina somo lake.

Ngazi ya saruji inanoa, sikatai. Saruji imechanganywa na mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha kisu. Lakini chembe zake ni kubwa na hazilingani, kwa hiyo zinayachimba makali mashimomashimo kama meno ya msumeno. Nyuzi za kitambaa zitakatika kwa meno hayo, lakini ngozi inataka makali laini yanayopita bila kukwaruza. Na jambo la hatari ni mkao wenyewe: umeinama, kisu kiko chini, mkono unakwenda na kurudi kwa kasi juu ya kitu ambacho hakina usawa.

Mnoaji wa baiskeli ni fundi wa heshima, na namwomba asinisikie vibaya. Jiwe lake linafanya kazi haraka, na kwa kisu cha jikoni au panga hana mpinzani. Tatizo liko kwenye macho yake. Zile cheche zinazowapendeza watoto ni vipande vya chuma vyenye moto. Kipande kimoja kikiingia kwenye jicho hukwama juu ya kioo cha jicho na kuanza kushika kutu humo humo, kikaacha duara la kutu ambalo daktari lazima aliondoe. Ndugu mnoaji, tafuta miwani ya kinga. Na wewe msikilizaji, ukiingiwa na kitu kama hicho, usilifikiche jicho, wala usimruhusu rafiki akitoe kwa njiti ya kiberiti au kwa ulimi. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Njia ya tatu ndiyo inayonitia hofu. Fundi viatu anampelekea jirani yake kisu, jirani anawasha grainda iliyofungwa diski nyembamba ya kukatia vyuma, anaulaza ubapa wa kisu kwenye ubavu wa ile diski na kunoa. Diski ile imeundwa ibebe nguvu kwenye ukingo wake peke yake. Ukiibana ubavuni inaweza kupasuka ikiwa kwenye mzunguko wa maelfu kwa dakika, na vipande vyake huruka bila kuchagua mtu. Diski ya kukatia si ya kunolea. Naomba sentensi hiyo iandikwe kwenye kila banda la uchomeleaji.

Na hata ukiipona diski, kisu chenyewe hakiponi. Kisu cha chuma cha kaboni kilipata ugumu wake kwa kupashwa moto mkali, kikazimwa ghafla ndani ya mafuta au maji, kisha kikapashwa tena kwa moto wa wastani ili kisivunjike kama kioo. Moto huo wa pili kwa visu vingi ni kama nyuzijoto 200 za Selsiasi. Jiwe linalozunguka bila maji hulipita joto hilo kwa sekunde chache pale ukingoni, palipo pembamba. Utaona rangi ya manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha buluu inapokaribia nyuzijoto 300. Ukiona buluu, ujue ugumu wa hapo umekwisha kuondoka. Utanoa leo, na kesho asubuhi kisu hakipati tena, nawe utamlaumu aliyekuuzia.

Kwa hiyo, ndugu fundi, tuachane na njia za mkato, turudi kwenye kinoo na maji. Kunoa kwa mkono kuna usalama wa asili: mwendo ni wa polepole, joto halipandi, hakuna cheche. Na vifaa vyake si vya ghali.

Ukiwa na kinoo cha dukani chenye pande mbili, upande mmoja wa chembe kubwa na mwingine wa chembe ndogo, umeshajitosheleza. Kama huna, nenda duka la rangi za magari ununue msasa wa maji, karatasi tatu: namba 400, namba 800 na namba 1500. Namba ikipanda, chembe zinazidi kuwa ndogo. Tafuta kipande cha kioo kinene kilichosagwa kingo zake, au marumaru ya sakafuni iliyo tambarare. Kilowanishe, ulaze msasa juu yake, na maji yenyewe yataushika. Umepata kinoo kilichonyooka kuliko mawe mengi ya mtoni.

Sasa sikiliza vizuri mambo ya mkao, maana hapa ndipo vidole vinapookolewa. Kinoo kiwekwe mezani, juu ya kitambaa kilicholoa, ili kisiteleze. Usikishike kinoo kwa mkono mmoja na kisu kwa mkono mwingine, na usikiweke juu ya paja. Mkono mmoja ushike mpini. Vidole viwili vya mkono wa pili viubonyeze ubapa wa kisu kutoka juu, nyuma ya makali. Hakuna kidole kinachotangulia mbele ya makali, hata kwa sekunde moja. Kama unatumia msasa, vuta kisu ukitanguliza mgongo, makali yafuate nyuma. Ukitanguliza makali utaupasua msasa, na kisu kitaruka.

Swali linalofuata ni la pembe. Kisu cha ngozi hupendelea pembe nyembamba, kati ya nyuzi 15 na 20 kila upande. Pembe ikiwa pana sana, kisu kinasukuma ngozi kama kabari. Ikiwa nyembamba mno, makali yanakunjika yakikutana na soli ngumu. Utaipimaje bila kipimo? Chukua karatasi yenye kona iliyonyooka. Kona hiyo ni nyuzi 90. Ikunje katikati, unapata 45. Ikunje tena, unapata 22 na nusu. Simamisha mkunjo huo pembeni mwa kinoo, ulaze kisu chako chini kidogo ya hapo. Baada ya siku chache mkono wenyewe utakuwa umeshakariri.

Na kama huna hakika kwamba unanoa pale panapotakiwa, yapake makali rangi kwa kalamu ya wino mzito, kisha piga mikwaruzo mitatu au minne kwenye kinoo. Utazame wino. Ukitoka mgongoni mwa mteremko na kubaki kwenye ncha ya makali, umekilaza kisu mno. Ukitoka nchani peke yake, umekiinua mno. Ukitoka wote sawasawa, endelea hivyo hivyo.

Unanoa mpaka lini? Watu wengi huhesabu mara, upande huu kumi na upande ule kumi. Mimi nakuomba usihesabu kwanza, utafute dalili. Unaponoa upande mmoja mpaka ukafika kwenye ncha kabisa, chuma chembamba hujikunjia upande wa pili. Huwezi kukiona vizuri, lakini ukipitisha ukucha au pamba taratibu kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kitainasa pamba. Usipitishe kidole kwa urefu wa makali. Hivyo ndivyo watu wanavyojikata wakiwa hata hawajaanza kazi. Mkunjo huo ukiuhisi kuanzia shina la kisu mpaka nchani, upande huo umemalizika. Geuza, noa upande wa pili mpaka mkunjo urudi. Kisha hamia msasa mwembamba zaidi, na kila unapopanda namba, punguza uzito wa mkono.

Hapo ndipo mafundi wengi huacha, wakaona kisu kimekuwa kikali. Kimekuwa kikali kweli, lakini ule mkunjo bado unaning'inia ukingoni. Utakata vizuri dakika tano, kisha utavunjika na kukuacha na makali butu. Kuuondoa kunataka mkanda, yaani kipande cha ngozi cha kung'arishia makali, na mkanda ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Fundi ngozi ana bahati ambayo seremala hana: mabaki ya kazi yake ndiyo kifaa chake cha kung'arishia. Chukua kipande cha ngozi ngumu iliyoiva kwa magome, kama ile inayotengenezwa kwa dawa ya miwati inayolimwa Njombe. Ngozi laini ya jaketi haifai, kwa kuwa inabonyea na kuyazungusha makali. Igundishe kwenye ubao ulionyooka, urefu wa kama dhiraa moja ya mkono, na upana wa vidole vitatu au vinne. Ipake dawa ya kijani ya kung'arishia chuma, ile inayouzwa kama mche wa sabuni. Ukijani wake ni oksidi ya kromiamu, na chembe zake hazifiki hata maikroni moja, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maikroni. Ndiyo maana haikwaruzi. Inasugua mpaka chuma kinakuwa kioo.

Vuta kisu juu ya mkanda ukitanguliza mgongo. Ukifika mwisho, kigeuze kwa kukibiringisha juu ya mgongo wake, makali yakiwa hewani, halafu urudi. Usikinyanyue kwa haraka mwishoni, maana utayazungusha makali. Ishirini hivi zatosha. Na kwa nini nasema ubao, badala ya mkanda unaoning'inia kama wa kinyozi? Mkanda wa kuning'inia unalegea, na mkono wa pili unaushika mbele ya kisu. Kwenye ubao, mkono wa pili unakaa nyuma, salama.

Sasa kijaribu. Tafadhali usikijaribu kwenye dole gumba. Kijaribu kwenye ukingo wa gazeti, au kwenye kipande cha ngozi ya kutupa. Au kipeleke chini ya taa na uyatazame makali uso kwa uso. Mahali palipo butu patarudisha mwanga, utaona nukta au mstari mweupe. Makali ya kweli hayaonekani, kwa sababu hakuna uso wa kurudisha mwanga. Wazee walisema kinolewacho hupata, na neno hilo "kupata" kwetu ni neno la visu: kisu kinapata, au hakipati.

Msikilizaji, kisu si kifaa pekee. Hebu nipite haraka kwenye vingine. Sindano ya kushonea viatu, ile yenye mpini wa mbao, ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa na kutu au imekwaruzika, ngozi inaishika. Fundi anasukuma kwa nguvu, na inapopenya ghafla, kiganja kilicho nyuma ya ngozi ndicho kinachoipokea. Ing'arishe ubavuni kwa msasa mwembamba, kisha kwa mkanda, mpaka iteleze. Na unapotoboa, weka kizibo au kipande cha mpira nyuma ya ngozi, mkono ukae pembeni. Ile ya ndoano, usisahau kupitisha uzi wenye dawa ya kung'arishia ndani ya ndoano. Humo ndimo uzi wako wa kazi unamokatikia.

Chuma cha kutobolea matundu, kile cha mviringo kinachopigwa kwa nyundo, hunolewa kwa nje peke yake. Kibiringishe juu ya msasa kwa pembe yake, halafu ndani upitishe kijiti chembamba kilichozungushiwa msasa mwororo, kuondoa mkunjo. Ukikinoa kwa ndani, tundu litakuwa pana na chuma kitakwama. Mkasi nao hunolewa kwenye mteremko wa nje. Zile nyuso mbili za ndani zinazosuguana zisiguswe na jiwe, zikiguswa mkasi utatafuna badala ya kukata.

Na kuna kisu cha nusu mwezi, kile cha bapa pana lililopinda kama hilali, mpini ukitokea katikati. Kwenye kaburi la Rekhmire, waziri wa Farao Thutmose wa Tatu, kule Luxor nchini Misri, ukuta una picha za mafundi ngozi wakikata kwa kisu cha umbo hilo, karibu miaka 3,450 iliyopita. Umbo halijabadilika kwa kuwa linafaa: unaweza kukata kwa kubembea bila kukivuta kisu kuelekea kifuani. Kukinoa, gawa mwezi wako sehemu tatu au nne, unoe sehemu moja hadi iishe, kisha nyingine. Lakini kisu hiki kina pembe mbili zinazotoka nje, na aliye nacho bila ala anatembea na hatari mfukoni. Kishonee ala ya ngozi siku ile ile unayokinunua.

Najua kwamba karakana kubwa zina mashine, na siwezi kuwaambia wenye oda za mikanda mia tano wanoe kila kitu kwa mkono. Kwao nina maneno machache. Kwenye mashine ya mawe ya mezani, kabla hujafunga jiwe jipya, litundike kwenye kidole au kijiti ulipige taratibu kwa mpini wa mbao. Unajua jinsi mama anavyogonga chungu sokoni kabla hajalipa? Chungu kizima hulia, chungu chenye ufa hukoroma. Jiwe ni vivyo hivyo, na jiwe lenye ufa ni la kutupwa. Kiegemezo cha kazi kikae umbali usiozidi milimita 3 kutoka kwenye jiwe, ili kisu kisivutwe kwenye mwanya. Unapowasha, simama pembeni kwa dakika moja, si mbele ya jiwe. Vaa miwani. Usivae glavu karibu na kitu kinachozunguka, wala mikono mirefu iliyolegea, wala shali. Vitavutwa, na mkono utavifuata. Chovya kisu kwenye maji kila baada ya kugusa mara mbili tatu, na kidole kikihisi joto, simama.

Gurudumu la kitambaa la kung'arishia linaonekana laini kama mto, na kwa sababu hiyo linaua umakini. Wachonga visu wenye uzoefu wanaliogopa kuliko mashine zote. Linazunguka likishuka upande wako. Kisu lazima kiguse chini ya katikati ya gurudumu, makali yakitazama chini, kule kitambaa kinakoelekea. Ukiyainua makali yatazame juu, kitambaa kitakinyakua kisu na kukirusha kwa kasi ya ajabu. Na kwa kuwa kikirushwa kinakwenda chini, vaa viatu vilivyofunikwa. Ewe fundi wa makubazi, makubazi yako mazuri uyavae jioni.

Na vumbi je? Hapa nina habari ya kusikitisha kutoka Uingereza. Mji wa Sheffield ulisifika dunia nzima kwa visu na uma. Katika karne ya 19 wanoaji wake walikaa juu ya magurudumu makubwa ya jiwe la mchanga, na vumbi la jiwe hilo liliingia mapafuni mwao. Daktari mmoja wa mji huo, Arnold Knight, alieleza kwamba umri wa wastani wa walionoa kwa jiwe kavu ulifika kwa shida miaka 35, na wa walionoa kwa jiwe lenye maji ulivuka 45 kwa nadra. Kazi ilikuwa ile ile na mji ule ule. Maji ndiyo yaliyowaongezea miaka, na hata hiyo haikutosha. Mawe ya siku hizi yametengenezwa kwa vitu vingine, lakini vumbi ni vumbi. Loanisha kinoo chako. Kwenye mashine vaa barakoa inayobana uso, na ufagie kwa kitambaa chenye maji, usipulize kwa mdomo.

Hata mwangalifu huumia. Ukikatwa, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, uinue mkono juu ya usawa wa moyo, na usiachie kuchungulia kila mara. Damu ikitulia, osha kwa maji mengi safi na sabuni. Usitie majivu, wala mafuta ya taa, wala tumbaku, wala udongo. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo, na ukiutia kwenye jeraha umevikaribisha mwenyewe. Muulize mhudumu wa afya kama chanjo yako ya pepopunda bado inakulinda. Na kama kidole hakikunjiki, au kimekufa ganzi, kano au neva inaweza kuwa imekatika; usingoje kesho, nenda hospitali.

Mambo madogo nayo yana uzito. Kisu kikianguka, kiache kianguke, rudisha mguu nyuma. Makali yatanolewa tena, kano ya kidole haitanolewa. Unapompa mwenzako kisu, mpe mpini. Jioni, kipake mafuta kidogo kisishike kutu, na ukilaze ndani ya ala, mahali asipofika mtoto.

Mwisho, nina neno kwa mabwana na mabibi wenye karakana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo Tanzania tangu mwaka 2003, na Kenya tangu mwaka 2007. Inamdai mwajiri alinde mwili wa anayemfanyia kazi. Lakini kabla ya sheria kuna malezi. Mwanagenzi anapoingia, tunampa kazi ya kufagia, kisha ya kupaka gundi, kisha ya kushona, na kunoa anajifunza mwenyewe kwa kutazama. Tuugeuze mpangilio huo. Kunoa kuwe somo la kwanza. Mtoto akikaa wiki nzima na kinoo, msasa na mkanda, ataujua ugumu wa chuma, atajua pembe, atajua vidole vyake vikae wapi. Akiingia kwenye ngozi baada ya hapo, ataingia na kisu kinachomtii.

Nami nakuomba jambo moja, ndugu fundi unayenisikiliza. Kesho asubuhi, kabla hujatandaza viatu vya wateja na kabla hujagusa gundi, chukua ubao wako wa ngozi. Vuta kisu mara ishirini, mgongo ukitangulia. Ni kazi ya dakika mbili. Fanya hivyo kila siku, na kinoo utakihitaji kwa nadra, na grainda ya jirani hutaihitaji kabisa. Noa kisu kabla hakijawa butu, na utazeeka na vidole vyako vyote.